Sauti ya Mbali na Sauti ya Nyumbani: Redio za Kiswahili Kusini mwa Tanzania Zikitazamwa kutoka Chiola, 1951–2025

Ikisiri

Makala hii inajadili historia ya redio za Kiswahili zilizosikika katika sehemu ya bara ya Mkoa wa Lindi, na inalitumia eneo la Chiola, katika ukanda wa Nachingwea na Ruangwa, kuwa mahali pa kutazamia. Kwa kawaida, redio za nje na za nyumbani hulinganishwa kwa kigezo cha uhuru wa habari: ya nje husifiwa kwa kusema yasiyosemwa, ya nyumbani kwa kujenga taifa. Makala inaonesha kwamba kigezo hicho hakitoshi. Kwanza, mpaka kati ya redio ya nyumbani na ya kigeni ulihamahama kwa sababu za kisiasa na za kiufundi. Pili, redio ya nyumbani yenyewe ilikuwa redio ya kigeni kwa wasikilizaji wa ng'ambo ya Mto Ruvuma. Tatu, kwa msemaji wa Kimwera, redio zote mbili zilifika kwa lugha isiyokuwa ya mamaye, na kila moja ilimfundisha Kiswahili cha namna yake. Hitimisho linalofikiwa ni kwamba redio hizi ziligawana kazi zaidi kuliko zilivyoshindana, na kwamba ipo kazi moja ambayo hakuna iliyoifanya.

1.0 Utangulizi

Historia ya utangazaji Tanzania imeandikwa zaidi kutoka mahali matangazo yanakotokea. Wanahistoria wamezifuata studio za Dar es Salaam, Unguja, Cairo na London, wakasoma kumbukumbu za serikali zilizozianzisha, wakaeleza nia za walioziendesha. Kazi za James Brennan kuhusu Sauti ya Cairo na za Martin Sturmer kuhusu vyombo vya habari vya Tanzania zimetoa msingi madhubuti wa maelezo hayo. Hata hivyo, studio haioneshi jambo moja la msingi: msikilizaji hakuwa na redio moja. Alikuwa na kitufe cha kuzungusha, na kwa mzunguko mdogo wa vidole aliweza kuhama kutoka mji mkuu wake mwenyewe hadi mji mkuu wa dola nyingine, pasipo kubadili lugha.

Chiola inafaa kwa mtazamo huo kwa sababu iko mbali na studio zote. Ni sehemu ya nchi ya Wamwera, mbali na pwani ya Lindi, katika uchumi wa korosho, ufuta na mbaazi. Lugha yake, Kimwera, imo katika kundi la P.20 la uainishaji wa Guthrie pamoja na Kiyao na Kimakonde. Lyndon Harries aliichapishia sarufi mwaka 1950, na simulizi zake zilichunguzwa kwa kina na Uta Reuster-Jahn katika kitabu kilichotoka mwaka 2002. Kwa hiyo si lugha isiyojulikana na wanaisimu. Lakini ni lugha ambayo haikupewa nafasi katika idhaa ya taifa. Ukweli huo unaathiri ulinganisho wote unaofuata.

2.0 Umbali wa mitambo na umbali wa mahali

Mjadala wa "redio ya mbali" hauna budi kuanzia kwenye fizikia ya mawimbi. Mawimbi ya masafa ya kati, wakati wa mchana, husafiri yakiambaa ardhini na hufifia kadiri yanavyoendelea. Usiku huakisiwa na tabaka la juu la angahewa na kufika mbali zaidi. Mawimbi ya masafa mafupi huakisiwa na tabaka hilo mchana na usiku, yakaruka maelfu ya kilomita na kutua mahali ambapo hayakupitia kabisa. Mawimbi ya FM nayo huenda takriban kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kilima kimoja hutosha kuyazuia.

Matokeo yake ni kwamba katika enzi ya masafa mafupi umbali wa ramani haukulingana na umbali wa sikio. Kituo cha Ulaya chenye mtambo wenye nguvu kiliweza kusikika vizuri kuliko kituo cha nchi yenyewe chenye mtambo dhaifu. Mashirika makubwa yaliongeza nguvu hiyo kwa kujenga vituo vya kupokezana matangazo karibu na wasikilizaji: Deutsche Welle ilikuwa na mitambo yake Kigali, na BBC ilikuwa na mitambo Shelisheli kuanzia mwaka 1988 hadi 2014. Aliyesikiliza "London" au "Ujerumani" kutoka kusini mwa Tanzania aliweza kuwa anapokea mawimbi yaliyotoka Afrika au Bahari ya Hindi.

Kilichokuwa na uzito zaidi kwa msikilizaji wa kijijini kilikuwa gharama ya kusikiliza. Redio za transista, zilizoenea kuanzia miaka ya 1960, ziliondoa haja ya umeme wa nyaya, lakini zilihitaji mawe, yaani betri kavu, na mawe yalinunuliwa kwa fedha taslimu. Katika uchumi wa zao la msimu, fedha hiyo haipatikani kwa kiwango kimoja mwaka mzima. Kwa hiyo kila saa ya kusikiliza ilikuwa matumizi ya kitu kinachokwisha. Kuchagua idhaa kulikuwa pia kuchagua mawe yatumike kwa ajili ya nini.

3.0 Nyumbani inapohama: 1951–1965

Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951 ukiwa wa majaribio, kwa mtambo mdogo uliolenga mji huo na viunga vyake. Mwaka huohuo, Nachingwea ilishuhudia kuvunjwa kwa mpango mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na uliosababisha kujengwa kwa reli kutoka Mtwara. Sadfa hiyo ina maana. Kusini kulikuwa kumeunganishwa na uchumi wa dunia kwa reli na matrekta kabla hakujaunganishwa na mji mkuu wa koloni kwa sauti. Reli yenyewe ilifungwa mapema katika miaka ya 1960. Redio ndiyo iliyobaki kuendeleza uhusiano huo.

Kituo cha Dar es Salaam kilipogeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, anga ya Kiswahili ilikuwa tayari na sauti nyingine. Sauti ya Unguja ilikuwa imeanza mwaka 1951. Sauti ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwatumia Waswahili waliokuwa Misri, akiwamo Ahmed Rashad Ali kutoka Zanzibar. Matangazo yake yaliushambulia ukoloni kwa ukali ambao hakuna kituo kilichokuwa chini ya serikali ya kikoloni kingeweza kuukaribia. BBC ilianzisha idhaa yake ya Kiswahili tarehe 27 Juni 1957, na upinzani dhidi ya Cairo ulikuwa miongoni mwa sababu. Moscow, Beijing, Sauti ya Amerika na Deutsche Welle zilifuata katika miaka ya mwanzo ya 1960. Katika muda usiozidi miaka 10, Kiswahili kiligeuka kuwa lugha ambayo mataifa makubwa yaliitumia kugombea masikio ya Waafrika.

Ni muhimu kuuliza: katika miaka hiyo, ipi ilikuwa redio ya nyumbani? Kituo cha Dar es Salaam kilikuwa karibu, lakini hadi mwaka 1961 kilikuwa mali ya utawala wa kigeni. Cairo ilikuwa mbali, lakini ilisema lililokuwa moyoni mwa wengi. Sauti ya Unguja ilitoka katika nchi nyingine. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, John Okello alipoitumia redio hiyo kutoa amri na vitisho vyake, wasikilizaji wa bara walikuwa wakisikiliza redio ya kigeni. Kufikia tarehe 26 Aprili mwaka huo, siku ya Muungano, redio hiyohiyo ilikuwa imekuwa ya nyumbani, ingawa iliendelea kuwa chombo cha Zanzibar kilicho mbali na kile cha Dar es Salaam. Mtambo haukuhama, kilichohama ni mpaka.

Tarehe 1 Julai 1965 shirika la Tanganyika lilivunjwa, na Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ikawekwa chini ya serikali moja kwa moja. Kuanzia hapo "nyumbani" ilipata maana moja rasmi. Redio ya nyumbani ilikuwa redio ya dola.

4.0 Redio ya nyumbani kuwa ya kigeni: mpaka wa Ruvuma

Maana hiyo rasmi ilikuwa na upande wa pili, na hakuna mahali ulipoonekana wazi zaidi kuliko Nachingwea. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita vya silaha mwezi Septemba 1964, na Nachingwea ikawa na kambi yake kuu ya mafunzo, iliyohusishwa kwa karibu na uongozi wa Samora Machel. Mwezi Mei 1975 Machel aliondokea hapo kuingia Msumbiji, kwa safari iliyomfikisha Maputo kwa sherehe za uhuru za tarehe 25 Juni.

Vita hivyo vilipiganwa pia hewani. RTD ilikuwa na idhaa ya nje iliyovipa muda vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, na FRELIMO iliitumia kuwafikia Wamsumbiji kwa Kireno na kwa lugha za Kiafrika za nchi hiyo. Kwa msikilizaji wa ng'ambo ya Ruvuma, Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa redio ya kigeni inayopendwa, ile inayosikilizwa kwa sauti ya chini ili jirani mbaya asisikie. Nafasi iliyokuwa ya Cairo kwa Watanganyika wa miaka ya 1950 ilichukuliwa na Dar es Salaam kwa Wamsumbiji wa miaka ya 1960 na 1970.

Ulinganifu huo unasahihisha dhana kwamba redio ya nje huwa huru na ya nyumbani huwa ya propaganda. RTD ilikuwa ya dola katika pande zote mbili za mto. Kilichotofautiana ni hali ya msikilizaji. Redio hupata sifa ya ukombozi pale inaposema dhidi ya mamlaka iliyo juu ya msikilizaji, na huipoteza pale inapokuwa sauti ya mamlaka hiyo. Sifa hiyo, kwa hiyo, inatokana na uhusiano kati ya kituo na msikilizaji, wala haimo katika kituo chenyewe.

Kuna jambo la pili, ambalo kwa mwanaisimu ni zito zaidi. Katika idhaa ya nje, Tanzania ilikubali kwamba lugha za makabila ni silaha ya ukombozi na ikazipa mawimbi. Katika idhaa ya taifa, ilishikilia Kiswahili, na Kiingereza kwa kiasi, na lugha za makabila hazikupewa nafasi. Lugha ya Kiafrika isiyo Kiswahili ilifaa kumkomboa msikilizaji wa Msumbiji, lakini haikufaa kumfikia mkulima wa Chiola.

5.0 Kiswahili kipi? Kimwera wapi?

Sera hiyo ilikuwa na mantiki yake. Kenya, iliyochagua kutangaza kwa lugha nyingi za makabila pamoja na Kiswahili, ilitumiwa mara kwa mara kuwa mfano wa njia ambayo Tanzania haikuifuata. Kiswahili kilikuwa lugha ya TANU, ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na ya elimu ya watu wazima. Kampeni zilizotumia redio na vikundi vya kusikiliza zilionesha nguvu yake. "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ilishirikisha takriban watu milioni 2, waliokusanyika kusikiliza, kusoma vijitabu, kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo. Hakuna redio ya nje iliyoweza kufanya hivyo, kwa sababu hakuna redio ya nje iliyokuwa na mwezeshaji kijijini, kijitabu mkononi na serikali ya kijiji ya kusimamia kazi.

RTD, kwa hiyo, ilizungumza na msikilizaji kama mtu anayetakiwa kutenda. Umbo la lugha yake lilikuwa la wito: "ndugu wananchi", kauli za kuhimiza, nafsi ya kwanza wingi inayomjumuisha msikilizaji. Kiswahili chake kilikuwa sanifu, chenye msamiati uliokuwa ukijengwa na kusambazwa kwa wakati mmoja. Maneno kama "ujamaa", "kujitegemea" na "unyonyaji" yalipata maana yake ya kisiasa vijijini kwa kiasi kikubwa kupitia sauti hiyo.

Redio za nje zilizungumza na mtu mwingine. Msikilizaji wao hakuwa raia wa dola inayotangaza, basi hakuweza kuagizwa; aliweza tu kuarifiwa au kushawishiwa. Kwa sababu walengwa walitawanyika kutoka Mombasa hadi Bujumbura, lugha ya redio hizo haikuweza kujifungia katika Kiswahili cha nchi moja. Katika taarifa moja ziliweza kusikika lafudhi za Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na mashariki ya Kongo. Waandishi waliobobea katika lugha nao walipita katika studio hizo: Abdilatif Abdalla alifanya kazi katika idhaa ya BBC kuanzia mwaka 1979, na Mohamed Khelef Ghassani, mshindi wa ushairi wa tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015, amekuwa mtangazaji wa Deutsche Welle. RTD ilimfundisha msikilizaji wa kusini kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa lake. Redio za nje zilimfundisha kwamba Kiswahili ni kikubwa kuliko taifa lake.

Mafunzo yote mawili yalikuwa ya kweli. Lakini yote mawili yalitolewa kwa lugha ya pili. Mtoto wa Chiola aliyelelewa kwa Kimwera aliisikia dunia kwa Kiswahili cha Dar es Salaam au cha London, na hakuna hata mara moja aliposikia idhaa ya taifa ikimsimulia ngano kwa lugha ya bibi yake. Katika hoja hii, redio ya nyumbani na redio ya nje zilikuwa upande mmoja. Mstari muhimu ulipita kati ya redio na ukumbi wa simulizi, pale ambapo Kimwera kiliendelea kuishi bila mawimbi.

6.0 Saa kumi na mbili na nusu, na saa mbili

Ushindani wa redio mara nyingi huelezwa kana kwamba msikilizaji alichagua moja na kuiacha nyingine. Ratiba hazikumlazimisha kufanya hivyo. "Dira ya Dunia" ya BBC ilijulikana kwa kusikika saa 12:30 jioni. Taarifa ya habari ya taifa ilisikika saa 2:00 usiku. Mwenye mawe ya kutosha aliweza kusikia tukio moja mara mbili katika jioni moja: kwanza likisemwa na wageni, kisha likisemwa na serikali yake. Ulinganishaji huo ni aina ya elimu ambayo hakuna kituo kilichokusudia kuitoa. Tofauti ya kitenzi kimoja, kwa mfano kati ya "kuhamia" na "kuhamishwa" katika habari za vijiji vya ujamaa, ilitosha kumwonesha msikilizaji makini kwamba habari ni jambo linalotungwa.

Kifo cha Mwalimu Nyerere kinadhihirisha mgawanyo wa kazi uliotokana na hali hiyo. Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika Hospitali ya St Thomas', London, katika mji uleule wa studio za BBC. Kwa mara hiyo, tukio kubwa kuliko yote ya nyumbani lilitokea kwenye mlango wa redio ya nje. Hata hivyo, tangazo lililolifanya kuwa msiba wa taifa lilitolewa na Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, jirani kabisa na Nachingwea. Redio ya nje iliweza kueleza kwamba mtu amefariki. Ni ya nyumbani tu iliyoweza kusema kwamba taifa limefiwa. Habari na tanzia ni tanzu mbili, na kila moja ilikuwa na redio yake.

Wala sauti zenyewe hazikuwa za watu tofauti. Tido Mhando alianzia RTD, akafika kuongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akarudi kuongoza shirika la utangazaji la taifa. Charles Hilary alitoka RTD na Radio One hadi Deutsche Welle na BBC. Sifa ya "redio ya nje" ilijengwa kwa kiasi kikubwa na watu waliofunzwa kazi na redio ya nyumbani.

7.0 Enzi ya FM na kurudi kwa umbali

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi, na Radio One ilianza mwaka 1994. Baadhi ya vituo hivyo vilipokea matangazo ya BBC na Deutsche Welle na kuyarusha kwa FM, kwa hiyo redio ya nje ilianza kufika kupitia mnara wa nyumbani. Urahisi huo ulikuwa na gharama. Sauti iliyokuwa ikishuka kutoka angani bila kuomba ruhusa ilikuwa sasa inategemea leseni ya mwenyeji. Mwaka 2020 kanuni za maudhui zilirekebishwa na kuvitaka vituo vya ndani kupata idhini kabla ya kurusha maudhui ya nje. Wakati huohuo mitambo ya zamani ilikuwa ikizimwa: ya Shelisheli mwaka 2014, ya Kigali mwaka 2015. Mwezi Machi 2025 Sauti ya Amerika ilisimamishwa kwa uamuzi wa serikali ya Marekani. Redio ya nje nayo, ilidhihirika, ilikuwa redio ya dola, na dola iliyoianzisha iliweza kuinyamazisha bila kumwuliza msikilizaji.

Kwa upande wa nyumbani, FM imeleta ukaribu ambao RTD haikuuweza. Korosho inatoa mfano mzuri. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanzishwa katika zao hilo mwaka 2007, mkulima amehitaji kujua minada na malipo kwa wakati. Na mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kila siku ya msimu ilikuwa na habari yake. Hiyo ni habari ambayo "Dira ya Dunia" haiwezi kuibeba kwa undani. Lakini bei yenyewe hutegemea wanunuzi wa India na Vietnam, na habari hiyo ni ya dunia. Mkulima anayesikiliza redio ya karibu tu anaijua bei. Anayesikiliza ya mbali pia anaweza kuijua sababu yake.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haiungi mkono wala sifa ya jumla kwa redio za nje wala utetezi wa jumla wa redio ya taifa. Redio ya nyumbani ilikuwa na uwezo wa kuwafanya watu watende na kuomboleza pamoja. Redio ya nje ilikuwa na uwezo wa kumwonesha msikilizaji upana wa lugha yake na kumpa neno la pili la kulipimia la kwanza. Mpaka kati yao ulitegemea Muungano, Mto Ruvuma, leseni na nguvu ya mtambo, na msikilizaji wa Chiola aliuona ukihama zaidi ya mara moja katika umri wa mtu mmoja.

Kazi iliyobaki bila kufanywa ni ile ya lugha ya nyumbani kwa maana ya ndani kabisa ya neno hilo. Masafa mafupi yalikuwa ghali na machache, na hoja ya umoja wa taifa changa ilikuwa na uzito wake. Mnara wa FM wa leo hufikia wilaya chache tu, na umoja wa Kiswahili Tanzania haupingwi tena na mtu. Sababu za mwaka 1965 haziwezi kujibu swali la sasa pasipo kuchunguzwa upya. Simulizi za Kimwera zimo vitabuni na, kwa muda uliobaki, vinywani mwa wazee. Utafiti wa fasihi simulizi na sera ya utangazaji vikiendelea kwenda kila kimoja kwa njia yake, Kimwera kitaingia katika kumbukumbu za sauti kikiwa sampuli ya maktaba, baada ya miaka zaidi ya 70 ya redio kupita juu ya paa za wasemaji wake.